Maneno ya Mshukiwa, Kalamu ya Askari

Katika kesi nyingi za mauaji na unyang'anyi zinazosikilizwa magharibi mwa Tanzania, mabishano makali zaidi hayahusu usiku wa tukio. Yanahusu saa zilizofuata baada ya mtu kukamatwa: alikamatwa na nani, alilala wapi, nani walikuwepo chumbani maelezo yakiandikwa, na kama karatasi aliyoitia dole gumba ilisomwa kwake kwanza. Askari mpelelezi huapa kwamba mshtakiwa alionywa, akaridhia, akasimulia mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Mshtakiwa huapa kwamba alipigwa, au aliahidiwa kurudi nyumbani, au hakusema neno na yote yaliyoandikwa ni utunzi wa askari. Wote wawili walikuwa ndani ya chumba kile. Jaji hakuwepo, na mara nyingi hakuna mtu wa tatu wa kuulizwa.

Sheria haikumwachia jaji apime sura za watu peke yake. Imeweka masharti ya muda, ya cheo, ya sahihi na ya mashahidi, ili ugomvi wa neno kwa neno ugeuke kuwa ugomvi wa kumbukumbu zinazoweza kukaguliwa. Tabora inafaa sana kuonyesha masharti hayo yanavyofanya kazi, na yanavyoshindwa. Mahakama Kuu iliyopo mjini humo kwa miaka mingi ilihudumia pia Shinyanga na Kigoma, kabla mikoa hiyo haijapata masjala zake, na majaji walisafiri kwenda kufanya vikao Nzega, Kahama na kwingineko. Ni nchi ya miombo, vijiji vilivyotawanyika, wafugaji wanaohama na vituo vya polisi vilivyo mbali. Mtu hukamatwa mahali pamoja, akahifadhiwa mahali pengine, akahojiwa pa tatu. Kila hatua ya safari hiyo hurudi baadaye mahakamani ikiwa swali.

Kabla ya mahakama za kikoloni, neno la mtu dhidi ya neno la mwenzake lilikuwa na namna zake za kuamuliwa katika njia ya misafara. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo ilipumzika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kabla ya kuendelea Ujiji au kugeukia Karagwe. Mtemi na wazee wake walisikiliza mashauri. Tuhuma nzito, hasa za uchawi, ziliweza kupelekwa kwenye mwavi, dawa ya kiapo aliyonyweshwa mtuhumiwa mwenyewe au kuku kwa niaba yake. Mwavi haukupima maelezo ya mtu. Ulimwondolea msikilizaji kazi ya kuyapima.

Wajerumani waliitawala Tabora mpaka Septemba 1916, ilipotekwa na majeshi ya Ubelgiji. Waingereza waliopokea nchi walileta sheria ya ushahidi kutoka India, ile ya 1872 iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen. Sheria hiyo ilikuwa na katazo kavu: ungamo lililotolewa kwa askari polisi halikuruhusiwa kuthibitishwa mahakamani dhidi ya mshtakiwa. Halikuwekwa kwa kuwahurumia wahalifu. Watawala wenyewe walikuwa wanajua jinsi polisi wao wa India walivyoyapata maungamo, na waliona ni rahisi zaidi kuifuta faida ya mateso kuliko kumlinda kila mahabusu. Tanzania ilipotunga Sheria yake ya Ushahidi, Sheria Na. 6 ya 1967, katazo hilo liliendelea. Aliyetaka kukiri alipelekwa kwa hakimu.

Miaka michache baadaye hofu iliyokuwa nyuma ya katazo hilo ilithibitika karibu kabisa na Tabora. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, polisi na usalama wa taifa waliendesha operesheni dhidi ya mauaji, mengi yakiwa ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Watu wengi walikamatwa, wakateswa ili waseme, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu hiyo, ingawa yeye mwenyewe hakuwa chumbani wala hakushika fimbo. Wakuu wa mikoa hiyo miwili nao waliachia ngazi, na baadaye baadhi ya maofisa waliohusika walisimama kizimbani na kupatikana na hatia.

Mtu angetarajia kwamba baada ya aibu hiyo mlango ungefungwa zaidi. Bunge lilifanya kinyume. Kwa mabadiliko ya 1980, kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi kiliruhusu ungamo lililotolewa kwa askari polisi litumike mahakamani, mradi limetolewa kwa hiari. Mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo uliwekwa mabegani mwa upande wa mashtaka. (Namba za vifungu katika maandishi haya ni zile zilizozoeleka kabla ya Toleo la 2023 la sheria za nchi.) Kenya ilikwenda upande mwingine: tangu 2003 ungamo la polisi lilipoteza nguvu yake ya zamani, na mageuzi yaliyofuata yakataka ofisa wa cheo cha juu asiye mpelelezi wa kesi, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Huyo mtu wa tatu ndiye anayekosekana katika vyumba vingi vya mahojiano vya Tanzania, na kukosekana kwake kunaeleza sehemu kubwa ya mabishano yanayofuata.

Kifungu cha 27 kina mwenzake anayekipunguzia makali. Kifungu cha 29 kinasema ungamo halitakataliwa kwa sababu tu palikuwa na ahadi au kitisho, isipokuwa ushawishi huo ulikuwa wa aina inayoweza kumfanya mtu akiri jambo la uongo. Mawakili wa Serikali hukikimbilia kifungu hiki. Mawakili wa utetezi hukiona kama tundu. Kwa vyovyote, mateso ya mwili hayapiti humo kirahisi, kwa kuwa mtu anayepigwa aweza kukiri chochote, na Katiba katika ibara ya 13(6)(e) inakataza kutesa mtu bila kuweka masharti yoyote.

Katika Unyamwezi na Usukuma, mtu wa kwanza kumkamata mshukiwa mara nyingi si polisi. Ni sungusungu. Ulinzi huu ulizuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Kahama na vijiji vya kaskazini mwa Tabora, wakati wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipowazidi nguvu polisi. Vijana kwa wazee walijipanga chini ya mtemi wao, wakabeba pinde na mishale, na mwano ulipopigwa kila kijiji kilitoka kuufuata wayo wa ng'ombe. Serikali iliwatazama kwanza kwa mashaka, ikawakubali, kisha mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwapa uwezo wa kukamata.

Uwezo wa kukamata si uwezo wa kuandika maelezo. Sheria ya Ushahidi inapomtaja askari polisi katika habari ya maungamo inamaanisha askari wa cheo cha koplo au zaidi. Kwa hiyo mshukiwa aliyezungukwa na watu hamsini wenye mishale chini ya mwembe, akasema "ni kweli nimechukua", hajatoa ungamo la kituoni. Ametoa maneno ya mdomo mbele ya raia, ambayo sheria huweza kuyapokea ikiwa walioyasikia ni mashahidi wa kuaminika na yeye alikuwa huru kuyasema. Uhuru huo ndio mtihani. Mtu aliyefungwa kamba mikono nyuma huku ndugu wa marehemu wakimzunguka hawezi kusemwa yuko huru, hata kama hakuna aliyemgusa. Tatizo huzidi pale anapofikishwa polisi akiwa na majeraha. Askari husema alipigwa na wananchi, mshtakiwa husema alipigwa kituoni, na kovu halisemi ni la nani.

Hapo ndipo fomu namba tatu ya polisi, PF3, inapopata uzito usiolingana na ukubwa wake. Fomu hiyo ndiyo humwezesha majeruhi kutibiwa hospitalini na daktari kuandika alichokiona. Mahakama huuliza: kama ulipigwa, PF3 yako iko wapi? Swali lina mantiki, lakini kuna jambo ambalo halitajwi vya kutosha. PF3 hutolewa na polisi, na mahabusu anayewalalamikia polisi wa kituo kile lazima aiombe kwao. Wakili mwangalifu hatafuti karatasi hiyo peke yake. Hutafuta kumbukumbu za gerezani, kwa kuwa mahabusu anayepelekwa gereza la Uyui hupokewa na watu wasiokuwa na kesi naye, na hali yake siku ya kupokewa ni ushahidi ambao mpelelezi hakuuandika.

Sharti linalozaa mabishano mengi kuliko yote ni la muda. Vifungu vya 50 na 51 vya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya 1985 vinampa askari saa nne za kumhoji mshukiwa, kuanzia pale alipowekwa chini ya ulinzi kwa kosa husika. Muda huo ukikaribia kwisha, ofisa anayesimamia upelelezi anaweza kuuongeza kwa saa zisizozidi nane, kisha kilichobaki ni kumwomba hakimu. Muda wa kumsafirisha mshukiwa hauhesabiwi, wala muda wa kumsubiri wakili, ndugu au rafiki aliyeombwa na mshukiwa.

Tuseme mtu amekamatwa kijiji cha ndani Sikonge saa 12 asubuhi, akafikishwa kituoni mjini saa 5 asubuhi, na maelezo yake yanaonyesha yalianza kuandikwa saa 11 jioni. Upande wa mashtaka utasema saa tano za kwanza zilikuwa za barabarani. Utetezi utauliza gari lilipitia wapi, lilisimama mara ngapi, na kwa nini umbali huo ulichukua saa tano. Hata zikitolewa zote, kutoka saa 5 asubuhi hadi saa 11 jioni ni saa sita, na saa sita zimeshazidi nne. Kama hakuna kumbukumbu ya nyongeza ya muda, maelezo hayo yako hatarini. Katika rufaa ya Janta Joseph Komba na wenzake, Mahakama ya Rufani iliyatupa maelezo ya watu waliokuwa wamekaa chini ya ulinzi kupita muda uliowekwa na sheria. Baadaye, katika Nyerere Nyague, Mahakama hiyo hiyo ilieleza kwamba ukiukaji wa utaratibu hauyaondoi maelezo moja kwa moja. Mahakama hupima uzito wa kosa la askari, kwa mujibu wa kifungu cha 169, dhidi ya manufaa ya ushahidi kwa umma. Mawakili wa pande zote mbili hubeba hukumu hizo mbili kila mmoja akiisoma kwa sauti ile inayomfaa.

Kwa mshukiwa aliyeanza kukamatwa na sungusungu swali la muda huwa gumu zaidi. Je, saa nne zinaanza pale kamba ilipofungwa kijijini, au pale polisi walipompokea? Mpelelezi hupenda jibu la pili. Utetezi hupenda la kwanza.

Karatasi yenyewe nayo huhojiwa. Maelezo ya onyo huanza kwa fomula inayojulikana: mshukiwa anataja jina lake, anakiri ameonywa na askari fulani kwamba halazimishwi kusema neno lolote isipokuwa apende mwenyewe, na kwamba atakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani. Anatia sahihi hapo, kisha anasimulia, kisha anatia sahihi tena kuthibitisha amesomewa. Wakili mwenye jicho hausomi tu uthibitisho, husoma lugha. Mfugaji mzee ambaye mahakamani anahitaji mkalimani wa Kisukuma, katika maelezo yake ya kituoni anaonekana akisema "majira ya saa mbili usiku nikiwa na wenzangu tulielekea eneo la tukio". Hayo ni maneno ya jalada la polisi, si ya malishoni. Hayathibitishi kwamba mtu hakukiri, kwa kuwa askari mwandishi hunyoosha sentensi kwa mazoea tu, lakini yanafungua swali halali: mahojiano yalifanyika kwa lugha gani, nani alitafsiri, na mkalimani huyo yuko wapi aje aulizwe?

Mpelelezi anayejua kwamba maelezo ya kituoni yatapingwa humpeleka mshukiwa kwa mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Utaratibu wa hapo ni mkali zaidi, na Mahakama ya Rufani iliurudia hatua kwa hatua katika Japhet Thadei Msigwa. Mlinzi wa amani hutakiwa kuuliza na kuandika mshukiwa alikamatwa lini na wapi, alilala wapi kabla ya kufika hapo, kama ameshawishiwa kwa ahadi au kutishwa, na kama kweli anataka kusema kwa hiari yake. Humweleza kwamba maneno yake yanaweza kumgeukia. Humtazama mwili. Askari aliyemleta hubaki nje. Swali la mahali alipolala linaonekana dogo, lakini mara nyingi ndilo linaloamua: mtu aliyelala mikononi mwa mpelelezi na atarudishwa huko baada ya kuongea hajatoka kweli chini ya kivuli cha mpelelezi, hata mlango ukifungwa.

Mahakamani, pingamizi lina wakati wake. Mshtakiwa akitaka kupinga maelezo yasipokewe kwa kuwa hayakuwa ya hiari, lazima aseme pale shahidi anapoomba kuyatoa yawe kielelezo. Akinyamaza, akasubiri zamu yake ya utetezi ndipo aseme alipigwa, Mahakama ya Rufani imeshasema tangu Twaha Ali na wenzake kwamba amechelewa. Kwa mshtakiwa asiye na wakili, sharti hili ni kali. Hakimu anamwuliza, "Una pingamizi?" naye, asiyejua kwamba hapo ndipo mlango ulipo, hujibu hapana.

Pingamizi likitolewa, kesi kubwa husimama. Mahakama Kuu huendesha kesi ndani ya kesi. Mahakama za chini huita uchunguzi. Askari huitwa kwanza, maana mzigo ni wa mashtaka, kisha mshtakiwa na mashahidi wake. Kinachobishaniwa hapo ni kama maneno yalitoka kwa hiari. Ukweli wake una zamu yake baadaye. Utaratibu huu uliwekwa wazi na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika Kinyori mwana wa Karuditu, 1956, miaka ambayo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari na maungamo ya watuhumiwa wa Mau Mau yalifurika mahakamani. Tabora, kama kwingineko nchini, wazee wa baraza waliokaa na jaji walitakiwa kutoka nje wakati huo, wasije wakasikia ungamo ambalo pengine lingekataliwa. Tangu mabadiliko ya 2022 jaji halazimiki tena kukaa na wazee hao, na sehemu hiyo ya utaratibu imepungua uzito.

Maelezo yakipokewa, lazima yasomwe kwa sauti mbele ya mshtakiwa. Robinson Mwanjisi na wenzake, ya 2003, ndiyo hukumu inayotajwa kila mara hapa. Kwa namna ambayo watu wa nje huiona kama mchezo wa kanuni, kesi kadhaa zimepoteza kielelezo chake kikuu kwa sababu tu karatasi ilipokewa na kuwekwa jaladani bila kusomwa. Lakini sababu yake ni ya maana: mtu hawezi kujibu maneno ambayo hajayasikia.

Kupokewa si kuaminiwa. Mshtakiwa aliyekana maelezo yake hubaki na nafasi ya pili. Tuwamoi dhidi ya Uganda, hukumu ya 1967 inayotumika mpaka leo kuanzia Kampala hadi Tabora, inawaelekeza majaji wajihadhari na ungamo lililokanwa. Kwa kawaida watafute ushahidi mwingine unaoliunga mkono, na wakiamua kulitegemea peke yake, wawe wameridhika kabisa kwamba haliwezi kuwa lingine ila kweli. Uungaji mkono mzuri ni ule ambao polisi hawakuweza kuubuni: mshtakiwa ametaja mahali panga lilipotupwa, na limekutwa hapo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kabla askari hawajapajua. Ule dhaifu ni maelezo marefu yenye kila kitu ambacho polisi tayari walikuwa wanakijua siku mbili kabla.

Askari hatoi ushahidi wa maneno tu. Hutoa pia wa vitu. Kusini na magharibi mwa Tabora, kuelekea Ugalla na Sikonge, kesi za meno ya tembo na nyara nyingine zimekuwa chakula cha kila siku cha mahakama. Simulizi za pande mbili hufuata mkondo unaofahamika: askari wanasema walipata taarifa kutoka kwa msiri, wakavamia, wakakuta gunia, mshtakiwa anasema gunia alilionea kituoni. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai kinataka mali iliyokamatwa itolewe hati yenye sahihi ya mwenye nyumba au mwenye mali na ya mashahidi waliokuwepo. Shahidi huru ni nguzo hapa. Askari sita wakisema jambo moja bado ni upande mmoja, lakini balozi wa nyumba kumi aliyeshuhudia upekuzi akasema gunia lilitoka chini ya kitanda ameziba pengo ambalo askari wa saba asingeliziba.

Baada ya kukamatwa, kitu kinapita mikono mingi: aliyekamata, mtunza stoo, aliyekipeleka kwa mtaalamu, mtaalamu, aliyekirudisha. Katika Paulo Maduka na wenzake, Mahakama ya Rufani ilidai safari hiyo iwe na kumbukumbu za maandishi tangu mwanzo. Baadaye Mahakama ililegeza sharti hilo kwa vitu visivyobadilika au kubadilishwa kirahisi. Jino la tembo lenye alama si sawa na kete ya unga au msokoto wa bangi. Kulegeza huko kuna busara yake, ingawa kumewapa wapelelezi wazembe mahali pa kujificha.

Kuhusu askari kama shahidi, sheria haimpandishi wala haimshushi. Goodluck Kyando, ya 2006, iliweka kanuni kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa isipokuwa ziwepo sababu nzuri za kutomwamini. Cheo si sababu ya kuamini, na sare si sababu ya kutoamini. Sababu nzuri hupatikana kwenye ushahidi wenyewe: tarehe zinazogongana, maelezo aliyoyaandika kituoni yasiyofanana na aliyosema kizimbani, shahidi muhimu asiyeitwa bila maelezo. Shabani Daudi iliongeza jambo ambalo wengi husahau. Mwenendo wa shahidi kizimbani, kama alisitasita au alijibu kwa ujasiri, huonwa na hakimu wa kwanza peke yake. Lakini mantiki ya ushahidi wake, na jinsi unavyopatana au kugongana na ushahidi wa wengine, hupimwa na mahakama yoyote, hata ya rufaa inayosoma karatasi tu. Askari mzoefu hujibu kwa ujasiri siku zote. Ametoa ushahidi mara nyingi. Mkulima wa tumbaku aliyesimama kizimbani kwa mara ya kwanza hutetemeka hata anaposema kweli. Anayetegemea mwenendo peke yake atakuwa anamtuza mwenye uzoefu.

Mfano mkubwa wa simulizi ya polisi iliyokutana na ushahidi mwingine haukutoka Tabora bali Dar es Salaam. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa. Taarifa ya polisi ilikuwa kwamba ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Tume iliyoongozwa na Jaji Musa Kipenka ilifika kwenye picha nyingine kabisa, na maofisa na askari, akiwemo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, Abdallah Zombe, wakashtakiwa kwa mauaji. Safari hii askari ndio walikuwa washtakiwa, na maelezo yao ndiyo yaliyokuwa yakipimwa. Agosti 2009 Mahakama Kuu, Jaji Salum Massati, iliwaachia wote. Ilikubali kwamba marehemu waliuawa, lakini ikaona haijathibitishwa kwamba waliokuwa kizimbani ndio waliowaua. Rufaa ya Serikali ilimalizika Septemba 2016: mmoja wa washtakiwa, Christopher Bageni, alipatikana na hatia na kuhukumiwa kunyongwa, Zombe akabaki huru. Ushahidi ule ule, mahakama mbili, matokeo mawili. Hadithi ya majibizano ya risasi ilianguka, lakini kuanguka kwake hakukutosha kumtia hatiani kila aliyehusishwa nayo. Kila mshtakiwa alipimwa kwa ushahidi unaomhusu yeye.

Kanuni hiyo hufanya kazi pia kwa mshtakiwa wa kawaida ambaye utetezi wake ni dhaifu. Christian Kale na mwenzake, ya 1992, ilisisitiza kwamba mtu hatiwi hatiani kwa udhaifu wa utetezi wake bali kwa nguvu ya ushahidi wa mashtaka. Hussein Iddi na mwenzake, ya 1986, ililaumu hukumu inayopima upande wa mashtaka kwanza, ikafika kwenye hatia, ndipo ikageukia utetezi kuukataa. Makosa haya mawili huonekana kwenye hukumu fupi za mahakama za chini: ushahidi wa askari husimuliwa kurasa nne, utetezi hupewa mistari mitatu, kisha neno "nimemwona hasemi kweli". Mshtakiwa akidanganya, uongo wake unaweza kuunga mkono ushahidi uliopo, lakini hauwezi kuumba ushahidi usiokuwepo.

Tangu kuanzishwa kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka mwaka 2018, wakili wa Serikali anayeendesha kesi si mtumishi wa jeshi lililompeleleza mshtakiwa, jambo ambalo kwa miongo mingi halikuwa hivyo katika mahakama za mahakimu, ambako mwendesha mashtaka alikuwa polisi. Tume ya Rais ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoteuliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023, ilirudi tena kwenye ukamataji, upelelezi na mahabusu. Chumba cha mahojiano bado kwa sehemu kubwa ni chumba cha watu wawili.

Rufaa inapofika, maelezo yaliyopokewa kimakosa hufutwa kwenye kumbukumbu. Mahakama ya Rufani inapofanya kikao chake Tabora husoma kilichobaki kana kwamba ungamo halikuwahi kuwepo. Kikitosha, kifungo kinabaki. Kisipotosha, mtu huachiwa, wakati mwingine baada ya miaka kumi gerezani. Mara nyingine Serikali huomba kesi isikilizwe upya. Hapo hutumika Fatehali Manji, hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ya 1966: kesi haisikilizwi upya ili kuwapa mashtaka nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wao. Ikiwa kosa lilikuwa la mahakama, kama vile kukataa kufanya uchunguzi baada ya pingamizi, kesi hurudi kuanzia pale ilipoharibika. Ikiwa kosa lilikuwa la askari aliyeandika maelezo saa sita baada ya kumpokea mshukiwa, hayupo wa kuzirudisha saa hizo, na jalada hufungwa.